Ngamia Aliyeitwa Utulivu

Nataka msikie kutoka kwangu mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hiki kisa kimeshazunguka Garissa yote mpaka soko la mifugo, kimefika Bura, na juzi dada mmoja aliyetoka Wajir ameniambia huko nako kinasimuliwa, tena kimetiwa chumvi na mimi ndani yake nimegeuzwa mwizi. Sikuiba mnyama wa mtu. Nilichofanya ni kuwatoa wanaume wazima kazini mwao, na chifu juu yake, wakaenda porini kumtafuta ngamia ambaye hajawahi kuzaliwa, na aliyemzaa ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Aibu ya siku ile naijua mwenyewe. Mpaka leo nikipita kwa akina mama wauza maziwa lazima mmoja aniulize, "Sista, umembata?" (yaani umempata), na mimi naitikia kwamba bado, nanunua maziwa yangu naenda zangu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mtu wa Hola, Mpokomo, na wakati huo nilikuwa nimekaa Garissa miaka ya kutosha kujiona mwenyeji. Salamu za Kisomali nazijua, kuulizia bei ya nyama naweza, na neno "haa", yaani ndiyo, nilikuwa nalitumia kila mahali, hata pale ambapo sijaelewa mtu anasema nini, kwa sababu niligundua zamani kwamba ukisema haa kwa uso wa upole watu wanakupenda na mazungumzo yanaendelea. (Mnaanza kuona tatizo lilikotokea. Mimi sikuliona.)

Sasa kliniki yetu ni chumba kimoja cha mabati kando ya barabara ya pikipiki, na tangu ule ukame mkubwa tulikuwa tunapokea watu ambao mwili hauna ugonjwa lakini hawalali, moyo unawaenda mbio wakiwa wamekaa, kichwa kinawauma kila siku ya Mungu. Wengi walikuwa na mifugo, na mifugo ikaisha. Tunawapa dawa wale wanaohitaji dawa, tunazungumza nao, lakini jamani, mtawezaje kumwambia mtu atulie akiwa amekaa chini ya bati la Garissa saa nane mchana, huku nje bodaboda wanapigiana honi na jirani anakata vyuma? Nikawa naumia. Na mimi nikiumia siwezi kukaa, lazima nitafute la kufanya.

Nikaanza kusoma. Nilijiunga na kozi ya jioni ya kwenye simu iliyohusu ubongo na mazingira, na nikawaka moto kabisa, kila aliyekaa karibu nami lazima afundishwe. Nilikuwa nawaeleza watu kwenye foleni ya maji kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna kijisehemu kisichozidi punje ya lozi, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, na mtu aliyepitia makubwa kengele yake haizimi, inalia usiku na mchana hata simba hayupo. Nikawaeleza kwamba ile sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, inayopanga na kuamua, inachoka kwa kelele na mawazo kama mguu unavyochoka kwa kutembea, na kwamba mtu akikaa kwenye miti, akasikia ndege, akatazama mbali, akatoa pumzi polepole, moyo unapunguza mwendo na ile kengele inaanza kunyamaza yenyewe. Muuza maji akaniuliza kama nitachukua mitungi au la.

Mkuu wetu wa kliniki ni mtu mzuri lakini hapendi mambo mapya, anasema mambo mapya yana tabia ya kumletea simu. Nilimfuata wiki baada ya wiki. Nilimwambia mto uko hapa, miti iko pale ng'ambo ya mashamba ya ndizi, haigharimu kitu, nipe kikundi kidogo tu nikawakalishe kimya kwenye kivuli. Mwishowe alichoka na mimi akasema nichukue asubuhi moja, na kwamba akipokea simu hata moja ya malalamiko basi habari ya miti imekwisha na asiisikie tena.

Lakini si yeye aliyekuwa ananinyima usingizi. Aliyekuwa ananinyima usingizi ni Mzee Gedi. Huyu ni baba yake Sahra, karani wetu wa mapokezi, ambaye pia ndiye mkalimani wangu na rafiki yangu (yeye na baba yake wameniruhusu kusema haya, nisije nikaambiwa natoa siri za watu). Mzee Gedi alikuwa na ngamia huko upande wa Fafi, ukame ukawamaliza, akaletwa mjini kukaa kwa bintiye, na tangu aje alikuwa anakaa chumbani ameelekea ukuta. Anaswali, anakula kidogo akilazimishwa, anarudi kwenye ukuta. Kusema hasemi. Usiku Sahra anamsikia akigeukageuka mpaka alfajiri. Dawa tulikuwa tumeanza, zilisaidia kidogo, lakini kumtoa nje ya ile nyumba ilishindikana, miezi na miezi. Sahra alipomwomba aje na sisi mtoni aliomba akilia, na mzee akaitikia kwa kichwa. Usiku wa kuamkia safari Sahra akaniambia, "Sista, amekubali mara moja. Ikiharibika, mimi sina mdomo wa kumwomba tena."

Nikamwambia haitaharibika. Nilikuwa na uhakika nusura niwe na kiburi.

Basi asubuhi tukapakiana kwenye Probox mbili za kukodi, akina mama gari moja, wanaume gari la pili, tukavuka mashamba tukafika mahali nilipokuwa nimepachagua siku nyingi, kuna migunga mikubwa upande mmoja na mikoma upande wa pili, mto unauona kwa mbali (karibu sana hapana, mamba hawajui mambo ya utulivu), na mathenge, ile miti ya miiba iliyovamia huku, haijapafunika kama ilivyofunika kwingine kote. Nilikuwa nimewashonea wote beji ya kitambaa yenye mchoro wa ubongo, mviringo wenye mikunjo mikunjo na mstari katikati, kazi ya mikono yangu, nikawabandika kifuani. Simu zote nikazitia kwenye kikapu na kukifunika kwa leso. Halafu nikatoa sheria, Sahra akatafsiri: kuanzia sasa ni kimya. Hakuna kuongea mpaka nipige makofi. Hata Sahra haongei. Hata mimi.

Wakakaa. Akina mama chini ya mikoma, wanaume chini ya migunga, kila mtu na mti wake. Nikaanza kusikia njiwa, nikasikia upepo kwenye majani, na nikaona bega la mama mmoja likishuka, lile bega ambalo miezi yote nimeliona limepandishwa kama mtu aliyebeba gunia. Nikafurahi sana. Halafu nikamtazama Mzee Gedi, na furaha ikaniisha, kwa sababu alikuwa ameuelekea mti. Mbele yake pori lote la Mungu, yeye ameliacha nyuma, anatazama gome la mgunga kutoka karibu kama anavyotazama ukuta wa nyumbani. Nilitaka kwenda kumgeuza. Nikajizuia.

Ni hapo alipotokea mchungaji. Mtu mzima, mrefu, fimbo mabegani, ngamia wake wamebaki nyuma wanakula majani. Baadaye nilijua jina lake ni Bishar. Akasimama akatushangaa, na ana haki, ukute watu wa mjini wametawanyika porini, kila mmoja kimya chini ya mti wake na kitambaa kifuani, wewe ungefikiri nini? Sahra akaanza kuinuka ili akazungumze naye.

Sasa mkitaka kujua uamuzi ulioniponza ni huu hapa, mdogo kabisa. Nilimwonyesha Sahra kwa mkono akae. Nilijiambia sheria ni sheria, na kwani huyu bwana atauliza nini ambacho mimi siwezi kukijibu? Nikaenda kwa vidole vya miguu, nikamsalimu kwa sauti ya chini kabisa, naye akaitikia salamu kwa sauti ya chini vilevile, kwa adabu, akauliza, "Walaal," yaani ndugu, "nyinyi natafuta nini hapa?"

Nikamnong'oneza, "Baadhi yetu wamepoteza utulivu. Tumekuja kuutafuta."

Macho yakamtoka. "Baadi?"

"Haa," nikasema, "baadhi."

Jamani. Kwa Kisomali baadi ni mnyama aliyepotea. Ni neno zito, kwa sababu kwa wafugaji mtu akikwambia ana baadi huwezi kusema pole ukaendelea na njia yako, unauliza yukoje, unasaidia kutafuta, unawapa habari wengine. Kila mtoto wa huku analijua neno hilo. Mimi sikulijua. Mimi nilikuwa najua bei ya nyama.

"Utulifu," akasema taratibu, akilijaribu hilo jina mdomoni. "Ni hal?"

Hal ni ngamia jike. Mimi nilisikia hali, na nikafurahi kweli, nikaona huyu bwana ana akili ya ajabu, ameingia moja kwa moja kwenye kiini cha somo. "Haa," nikamwambia, "ni hali. Huja na kuondoka." Akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani na yeye anaye wa namna hiyo, asiyekaa na wenzake. Akauliza, "Nabotea lini?" Nikamwambia tangu ukame. Akanitazama, akawatazama wale watu chini ya miti. "Na mbaka leo natafuta?" Nami nikajinyoosha, nikamnong'oneza kwa uthabiti wote niliokuwa nao kwamba mpaka leo tunatafuta na hatutachoka. Bwana yule akaweka mkono kifuani. Nadhani hakuwahi kukutana na watu wenye subira kama sisi.

Halafu akauliza, "Chaba?" Chapa, alimaanisha, ile alama ya moto wanayopigwa mifugo. Mimi nikafikiri anauliza alama ya kikundi chetu, nikavuta beji yangu nikamwonyesha ubongo. Akaukagua kwa makini. Akauchora mchangani kwa ncha ya fimbo, mikunjo yote, na mstari katikati, akanitazama kuuliza kama ndivyo. Nikasema haa. Mwisho akauliza ni ya nani, na mimi, kwa kuwa nilimwelewa kuwa anauliza haya mambo yote yanafanywa kwa ajili ya nani, nikamnyoshea kidole Mzee Gedi. Nikamwambia ni ya wote, lakini hasa ya yule mzee.

Akaondoka bila kelele. (Kumbe alielewa hivi: nikinong'ona ni kwa sababu ngamia ameibwa na mwizi yuko karibu.) Nikarudi kwenye mti wangu nikiwa nimejaa, najiambia wale wanaosema sayansi haiwezi kuelezwa kwa watu wa kawaida waje wanione mimi.

Haukupita muda mrefu nikaona wanaume wawili wanapita kati ya miti, polepole, vichwa wameinamisha, wanatazama ardhi, hawasemi neno. Nikashtuka kidogo, halafu nikaelewa (mimi na kuelewa kwangu): Bishar amewaambia wenzake, na wenzake wamekuja kujiunga. Machozi yalinilengalenga. Nilitamani mkuu wa kliniki angekuwepo. Mmoja alipopita karibu nami nikamwonyesha kwa mkono jinsi ya kutoa pumzi polepole, na yeye akanitazama, akafuata kwa heshima, akapumua, akaendelea kutafuta nyayo. Wakaja wengine. Ikaja pikapu. Kikapu cha simu nacho kikaanza kutetemeka chini ya leso, kikanyamaza, kikatetemeka tena, nikakipuuza kwa sababu sheria ni sheria. Mwisho ikaja pikipiki ya chifu, na chifu mwenyewe juu yake, na hapo hata mimi moyo ukaanza kunidunda, ile punje yangu ya lozi ikasema Sista, kuna jambo.

Nikamwona Bishar anamwendea Mzee Gedi. Akachuchumaa mbele yake, kati yake na mti, akamsalimu kama mtoto anavyomsalimu mzazi, akaanza kumweleza kwa Kisomali, na akachora tena ule ubongo mchangani. Mzee Gedi akautazama mchoro. Halafu akainua uso akawatazama wale watu, mmoja mmoja, waliotapakaa porini wakipekua vichaka. Akashika shina la mgunga, akasimama.

Sahra akaja kwangu mbio, sheria ya kimya kaitupa huko. "Sista, umewaambia nini? Wanasema baba ana ngamia jike amepotea tangu ukame, anaitwa Utulivu, na ameonekana huku."

Nilipomweleza nilichosema, neno kwa neno, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniambia maana ya baadi, akaniambia maana ya hal, na halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua: kwamba katika ule ukame kuna ngamia jike mmoja wa baba yake aliyeondoka usiku na mzoga wake haukuonekana kamwe, na mzee alimngoja kwa muda mrefu mpaka wakamleta mjini kwa kumbeba. "Sasa anafikiri ni huyo," Sahra akasema. "Sista, anafikiri ni huyo."

Tukageuka, na Mzee Gedi hayupo. Ameingia porini.

Tulimfuata. Nimevaa viatu vya ofisi, baibui inanasa kwenye miiba ya mathenge, kikapu cha simu nimekipakata kifuani kinatetemeka mfululizo, na nyuma yangu kikundi changu chote, kwa sababu akina mama waliposikia kuna mnyama wa mzee anatafutwa hakuna aliyekubali kubaki chini ya mti, wakakunja nguo wakaingia kutafuta. Mzee alikuwa mbele na Bishar na wenzake, na alikuwa anatembea, sijui niwaambieje, mtu ambaye nimemwona akivuta miguu kutoka kitandani hadi kwenye mkeka alikuwa anatembea nikashindwa kumfikia. Na alikuwa anaongea. Anawauliza maswali, anajibiwa, ananyosha fimbo aliyoazimwa, anainama anagusa mchanga. Sahra alisimama ghafla katikati ya njia nikamgonga kwa nyuma. Alikuwa anaisikiliza ile sauti.

Nikasema nataka kumwambia ukweli sasa hivi. Sahra akasema ngoja, mwache kidogo, tafadhali. Nami niliangalia uso wake nikashindwa, nikangoja, na kila hatua niliyongoja ilinichoma, maana kadiri anavyotafuta ndivyo tumaini linavyokua, na mwenye kuja kulikata ni mimi. Jua likapanda. Tukapita swala twiga wamesimama kwa miguu ya nyuma wanachuma majani ya juu, tukapita mahali ambapo ndege walikuwa wengi ajabu, na hakuna aliyewatazama, lakini masikio yetu yalikuwepo, na nikagundua kwamba katika hofu yote ile pumzi yangu ilikuwa imekaa sawa.

Tukafika kwenye laga, ule mto wa msimu usio na maji, wote wakasimama kivulini kwenye ukingo kupumzika. Nikasema basi. Nikamwambia Sahra atafsiri kila neno na asinipunguzie hata moja. Nikasimama mbele ya chifu, mbele ya wachungaji, mbele ya wagonjwa wangu, na beji yangu ya ubongo kifuani, nikawaambia hakuna ngamia. Nikasema Utulivu si mnyama, ni neno la Kiswahili, ni ile hali ya moyo kukaa mahali pake, na kwamba mimi niliulizwa kwa Kisomali nikajibu kwa Kiswahili na nikasema haa kwa maneno ambayo sikuyaelewa. Sahra alitafsiri akitazama chini. Alipofika kwenye neno utulivu akatafuta la kulingana nalo, akataja moja, akataja la pili, na nikaona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine.

Chifu alicheka mpaka akakaa chini. Wengine wakamfuata. Bishar hakucheka. Akanijia karibu akasema, "Mimi naacha ngamia yangu na mtoto ya jirani, nakimbia kwa jua, kwa ajili ya neno?" Nikamwomba radhi, na sikuona haya kuinama. Lakini nilikuwa namtazama mzee. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amekaa juu ya mzizi, fimbo magotini, anafuta jasho. Nikapiga magoti mchangani mbele yake. Nikamwambia Sahra, mwambie baba anisamehe, nimemfanya atumaini kitu kisichokuwepo.

Sahra akamwambia. Mzee akajibu maneno machache, na Sahra akamwomba arudie.

"Anasema alijua," akaniambia. "Anasema alipoonyeshwa chapa tu alijua si mnyama wake. Sisi kwetu hatuna chapa kama hiyo. Anasema hakuna mtu mwenye chapa kama hiyo."

"Muulize basi, kama alijua, kwa nini ametembea kote huku?"

Hakungoja atafsiriwe. Alinitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Watu nasimama kwa ajili yangu. Mimi nakaa namna gani?"

Kicheko kikaisha chenyewe. Bishar akageuza uso akatazama upande wa mto, halafu akaja akakaa kwenye mzizi uleule, karibu na mzee, akampa kibuyu chake cha maziwa. Mzee akanywa. Akasema kitu cha mwisho kwa bintiye, kwamba amechoka na anataka kwenda kulala, na Sahra akaanza kulia waziwazi mbele ya watu wote, na mimi nikamfuata, kwa sababu mnakumbuka nimewaambia usiku wa mtu huyu ulivyokuwa. Alilala kwenye Probox kabla hatujafika mashamba ya ndizi. Dereva alitaka kufungua redio, sote tukamzuia kwa mkono.

Na ni heri tulimzuia, maana redio ya mjini ilikuwa inatangaza kwa Kisomali ngamia jike aitwaye Utulivu, chapa yake mikunjo mikunjo, mwenye habari amjulishe chifu. Zile simu zilizokuwa zinatetemeka kikapuni zilikuwa zinapigwa na mkuu wa kliniki. Yeye alikuwa amepigiwa na mji mzima.

Asubuhi yake akaniita. Alisema aliniruhusu niwapeleke watu wakae kimya na nimeleta kelele iliyofika kaunti jirani. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, sikubisha hata moja, halafu nikamwambia nataka asubuhi nyingine. Akafikiri amesikia vibaya. Nikamwambia kweli tupu, kwamba nilichosoma kuhusu ubongo bado nakiamini, miti inasaidia na pumzi inasaidia, lakini nilikuwa nawakalisha peke yao watu ambao hawajawahi kukaa peke yao, na jana wametembea pamoja wakitafuta kitu pamoja, na Mzee Gedi amelala mpaka jua likachomoza. Nikasema sitaondoka ofisini humo. Akanitazama, akajua simtanii, na akanipa, kwa sharti moja kwamba huko porini Sahra ndiye atakayeongea na mimi ndiye nitakayenyamaza.

Sitawadanganya kwamba mzee amepona. Zipo siku bado anarudi kwenye ukuta, na dawa zake anaendelea nazo. Na mimi nimejifunza, nimeapa hata mbele ya Sahra, kwamba sitasema tena haa kwa neno ambalo sijalielewa, afadhali niulize mara tatu nionekane mjinga kwa dakika moja kuliko kuonekana hivyo na kaunti nzima. Kisomali nimeanza kusoma upya, kwa mwalimu.

Lakini ile safari ya pili niliwahi kufika kliniki kabla ya watu wote, nipange mambo yangu kwa utaratibu safari hii, na nikamkuta Mzee Gedi amesimama peke yake langoni. Amekuja kwa miguu yake mwenyewe, Sahra hajui. Amevaa kofia safi, ana fimbo ya kwake sasa. Nikamsalimu, akaitikia, akanitazama kwa uso ambao sikuweza kujua kama ananitania au la, akaniuliza, "Sista, leo tumeboteza nini?"

Nikamwambia sijui bado, baba. Twende tukaangalie.